Kitufe cha Kimya

Nyumbani wananiita Redio, na msidhani ni kwa sababu niliwahi kufanya kazi redioni. Jina hilo nilipewa nikiwa na miaka tisa, na mjomba aliyechoka. Kazi ilikuja baadaye, kama vile kulihalalisha. Kwa miaka ishirini na miwili niliandika michezo ya kuigiza, kila Jumapili mchezo mmoja, na watu waliacha sufuria ziungue jikoni ili wasikie mama mkwe kamjibu nini mkwewe. Halafu siku moja wakubwa wakasema wasikilizaji wa siku hizi hawataki maneno, wanataka muziki. Nikarudi nyumbani na maneno yangu yote, na kwa kuwa hayakuwa na pa kwenda, nikayaelekeza kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu anaandika programu za kompyuta. Nimemzidi miaka kumi na sita, na nimemlea mimi tangu akiwa na miaka saba, wazazi wetu walipofariki wote wawili ndani ya mwaka mmoja. Ana akili kunishinda, hilo nalikubali hadharani, ila ana kasoro moja: ni mkimya mno. Ukimuuliza kitu anatulia kwanza, anafikiri, na yeye akiwa bado anafikiri mimi nimeshamjibia. Ndivyo tulivyoishi na hatujawahi kugombana. Watu hushangaa, wanawake wawili nyumba moja miaka yote hiyo bila ugomvi. Mimi huwaambia siri ni kuelewana.

Pamoja tukatengeneza Ngazi. Ni hadithi ya kwenye simu na tableti, ila msomaji mwenyewe ndiye anayechagua kinachofuata. Unaingia kwenye jengo la ghorofa sita, lifti imekufa, mkononi una barua ambayo jina la mwenyewe limefutwa na mvua. Unapanda kwa miguu kumtafuta. Kila ghorofa ina milango miwili. Unagonga, mtu anafungua, anakuambia la kukuambia, nawe unachagua umjibu vipi. Jibu lako ndilo linaloamua utakutana na nani huko juu. Milango kumi na miwili, majibu mia moja na themanini, na yote nimeyaandika mimi. Hakuna hata moja lisilo na chumvi.

Mdogo wangu aliomba kitu kimoja tu. Alitaka kila mlango, chini ya majibu yangu, kuwe na kitufe kidogo kilichoandikwa Kaa kimya. Nikamwambia, mwenzangu, mtu ahangaike kupakua programu ili anyamaze? Si anaweza kunyamaza bure kwake? Akasema, "Yatakayofuata hapo nitayaandika mwenyewe, Dada." Nikamwambia aandike, kalamu si yangu peke yangu. Kabla ya kuitoa kazi kwa watu niliijaribu mara mia, nikapita kila njia, nikagonga kila mlango. Kile kitufe sikukigusa. Mtu mzima haendi kupoteza muda mahali anapojua hakuna kitu.

Sasa, Jumatatu moja mdogo wangu alikuwa anaosha vikombe, akaniambia bila kugeuka kwamba kuna studio ng'ambo imempa kazi. Studio kubwa, ya watu wanaotengeneza hadithi kama zetu. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni.

"Umewaambia nini?" nikamuuliza.

"Bado sijawaambia kitu."

"Vizuri. Kwa sababu keshokutwa tunakwenda kwenye kongamano, na tukitoka huko hutakuwa na haja ya studio ya mtu."

Akafungua mdomo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitashughulikia. Akaendelea na vikombe.

Nitasema ukweli sasa hivi ili tusisumbuane huko mbele: niliogopa. Nyumba yetu ina watu wawili, na mmoja haongei. Ukimwondoa huyo, haibaki nyumba, inabaki sauti yangu na kuta. Nikapanga hivi: kongamano lina siku tatu, Jumatano mpaka Ijumaa. Ndani ya siku hizo nimpate mchapishaji mmoja, au mshirika, au tajiri, yeyote wa kuishika Ngazi mkono. Mdogo wangu akiona kazi yetu ina miguu, atawaandikia wale wa ng'ambo kwamba asante, hapana. Ulikuwa mpango mzuri na nilimweleza kwa urefu. Hakuupinga.

Kongamano lenyewe lilikuwa la Hadithi Shirikishi za Kidijitali, kwenye jengo la vioo lenye zulia la kijivu na baridi ya kuhifadhia nyama. Mlangoni unavishwa kitambulisho shingoni, kina jina lako na kile kimraba cha vidoa vyeusi ambacho mtu akikipiga picha kwa simu, umeshakuwa rafiki yake. Kila rafiki ni pointi moja. Ukutani kulikuwa na skrini pana kama kitanda, inaonyesha nani ana marafiki wengi. Loo, mimi na skrini ile tulipendana papo hapo.

Mwendeshaji alikuwa kijana wa miaka arobaini, suruali fupi na miwani myekundu. Nilimbatiza Bwana Fursa, kwa sababu neno hilo halikumtoka mdomoni. Chai ilikuwa fursa. Foleni ya chooni, fursa. Alisimama jukwaani akatuambia kwamba zama za msimulizi kuongea peke yake zimekwisha, kwamba hadithi ya leo ni mazungumzo, kwamba sanaa ya karne hii ni kusikiliza. Aliongea dakika hamsini na tano na muda wa maswali ukaisha.

Baada ya hapo kikaja kipindi cha kufahamiana. Viti viliwekwa safu mbili zinazotazamana, unakaa mbele ya mtu usiyemjua, mnapewa dakika tatu, kengele inalia, unasogea kiti kimoja. Wengine walikuwa wanatetemeka. Mimi nilijiona kama samaki aliyerudishwa majini. Nilikuwa na maelezo yangu tayari, nimeyapima kwa saa ya jikoni: dakika mbili na sekunde hamsini, na sekunde kumi za mwisho za kupiga picha kitambulisho.

Nilianza kila mara na kikao cha familia. Kinauma, na mtu akishaumwa kidogo anakusikiliza. Niliwaambia jinsi wajomba na mashangazi walivyokaa sebuleni baada ya msiba, kumgawa mtoto. Shangazi alikuwa na nyumba kubwa na watoto wanne wa kucheza nao. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na chumba kimoja cha kupanga. Mjomba akauliza, mtoto mwenyewe anataka kukaa na nani? Na mimi nikasimama katikati ya wakubwa wale wote nikasema, atakaa na mimi. Hakuna aliyethubutu kunijibu. Na mtoto yule, nilikuwa nikiwaambia, ndiye huyu hapa, na hii ndiyo kazi yake. Hapo ninamwonyesha kwa mkono, amesimama nyuma ya kiti changu. Mdogo wangu anainamisha kichwa. Kengele inalia.

Watu kumi na tisa walikipata kikao kile siku ya kwanza. Wawili walitokwa na machozi. Mama mmoja mchapishaji, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alinipita mimi akamgeukia mdogo wangu na kumuuliza, "Na wewe, hadithi hii inakwambia nini?"

"Inamwambia kwamba hakuna mlango usiofunguka," nikasema.

Mama yule akaendelea kumwangalia mdogo wangu. Kisha kengele ikalia, na alikuwa amesahau kupiga picha kitambulisho changu. Nikamkimbilia.

Alhamisi mchana nilikuwa na marafiki themanini na wanne na nafasi ya nne ukutani. Nilikwenda kwenye meza yetu kumpa mdogo wangu habari njema. Kila mshiriki alipewa meza moja, tableti mbili, vipokea sauti vya masikioni na bango la kusimama, na yeye alishinda pale akiwavalisha watu vipokea sauti na kufuta alama za vidole kwenye vioo.

"Walioanza ni sitini na mmoja," akaniambia, macho kwenye kompyuta yake.

"Umeona?"

"Waliomaliza hakuna."

"Hakuna wangapi?"

"Hakuna hata mmoja, Dada. Wengi wanaishia ghorofa ya pili. Wanabonyeza jibu la kwanza la juu mara mbili tatu, halafu wanaomba kitambulisho."

Nilikasirika mpaka nikaketi. Hebu fikiria. Watu mia tatu wamefunga safari kuja kusema hadithi ni kusikiliza, na hakuna anayeweza kupanda ghorofa sita za uongo akiwa amesimama kwenye zulia. Debe tupu, ndivyo walivyo, kelele tu. Nikayasema hayo kwa sauti, na mtengeneza hadithi wa meza ya jirani akanitazama vibaya, kwa kuwa asubuhi ile nilikuwa nimesimama kwake, nikavaa vipokea sauti vyake, nikabonyeza jibu la kwanza la juu mara tatu na kumwomba kitambulisho. Lakini mimi nilikuwa na haraka ya maana.

"Wale wa ng'ambo wameniandikia tena," mdogo wangu akasema. "Wanauliza kama nina swali lolote."

"Waambie huna."

"Nilikuwa nataka kukuuliza wewe, Dada. Ungekuwa wewe..."

"Ningekuwa mimi ningengoja kesho. Kesho saa tisa tunapanda jukwaani, dakika tano mbele ya ukumbi mzima. Nikishuka pale utaona wanavyopigana. Sogea, kuna mtu anakuja."

Aliyekuja alikuwa anatafuta choo. Nilimpiga picha kitambulisho.

Ijumaa ilipofika nilikuwa nimechoka kama niliyefua mablanketi. Marafiki mia moja na saba, nafasi ya pili, na ahadi zote zilikuwa za aina moja: tutawasiliana. Mchapishaji wa sauti ya taratibu sikumwona tena. Saa sita na nusu nilisimama kwenye moja ya zile meza ndefu zisizo na viti, nina kikombe cha chai na biskuti mbili, nikihesabu saa zilizobaki mpaka saa kumi na moja. Zilikuwa nne na nusu. Nilikuwa karibu kulia, na mimi silii nikiwa na biskuti.

Akanijia mwanamke mfupi, skafu shingoni, anaongea kwa kunong'ona. Alikuwa mmoja wa wakalimani, wale wanaokaa kwenye vibanda vya kioo nyuma ya ukumbi na kuyageuza maneno ya wengine kuwa lugha nyingine. Sauti ilikuwa imemkauka kwa siku tatu za Bwana Fursa.

"Samahani," akanong'ona. "Ni wewe mwenye Ngazi? Nimeimaliza sasa hivi."

Niliweka kikombe chini. Nikamwambia arudie.

"Nimeimaliza. Nilikuwa na mapumziko ya saa moja, nikasema nikae mahali nisilazimike kusema kitu. Nimekuwa nikisema maneno ya watu tangu Jumatano. Basi kila mlango nikawa nabonyeza kile kitufe cha Kaa kimya. Mpaka juu." Akagusa skafu yake. "Yule mtoto amenitoa machozi."

"Mtoto gani?" nikasema. "Hakuna mtoto kwenye Ngazi. Kuna mstaafu, kuna fundi, kuna yule mama na cherehani yake..."

"Wa mlango wa tatu. Ghorofa ya sita."

"Kila ghorofa ina milango miwili."

Mkalimani aliniangalia kama wanavyomwangalia mtu aliyesahau anakokaa. Kisha akasema ni kazi nzuri sana, akarudi kwenye kibanda chake, na hakuniomba kitambulisho.

Mdogo wangu alikuwa amekwenda kuandaa nyaya jukwaani. Nikaketi kwenye meza yetu, nikavaa vipokea sauti, na kwa mara ya kwanza nikaingia kwenye hadithi yangu kama mgeni. Ghorofa ya kwanza akafungua mstaafu. Akasema lile neno lake la kejeli, na majibu yangu matano yakajipanga, matamu yote, kila moja linaniita. Nikabonyeza Kaa kimya. Kidole kilikuwa kizito, wallahi.

Mstaafu akangoja. Kisha akaanza kuongea tena, na maneno hayo sikuwa nimeyaandika mimi. Akasema kejeli ni za kumzuia mgeni asiondoke. Mtu akikasirika hubaki kubishana. Sentensi tatu, basi. Nikapanda. Mama wa cherehani, ambaye mimi nilimwandika awe wa kuchekesha, niliponyamaza alizima cherehani yake, akaniambia anashona nguo za mtoto mmoja yule yule kila mwaka, anaongeza saizi. Fundi naye akasema la kwake. Milango yote watu walikuwa wangu, niliwazaa mimi, na walikuwa na siri walizokuwa wamemwambia mdogo wangu peke yake. Niliona wivu. Nilipofika ghorofa ya tano niliona aibu vilevile, kwa sababu alikuwa ameandika vizuri kunipita.

Ghorofa ya sita palikuwa na mlango wa tatu. Nilibonyeza, ukafunguka bila kugongwa. Sebule, wakubwa wamekaa kuzunguka kuta, na katikati mtoto wa kike kwenye kigoda, viatu vipya, soksi moja imeshuka. Mjomba anauliza, mtoto mwenyewe anataka kukaa na nani? Na dada yake anasimama na kusema, atakaa na mimi. Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno, kama ninavyoyasimulia kwa dakika mbili na sekunde hamsini.

Mimi huwa naishia hapo. Yeye aliendelea. Kioo cha tableti kilimwonyesha mtoto tu, mdomo wazi kidogo, na chini yake maandishi:

"Mtoto alikuwa na jibu lake. Tangu asubuhi alikuwa bafuni akilifanyia mazoezi mbele ya kioo, mara ishirini, ili asikosee mbele ya wajomba. Jibu lilikuwa: nataka kukaa na dada. Aliulizwa yeye, akajibiwa. Barua uliyobeba ni yake. Ndani yake kuna maneno manne."

Nilivua vipokea sauti nikavishika mapajani. Nililia, ndiyo, pale pale, kitambulisho shingoni. Miaka ishirini na sita nilikuwa nabeba moyoni jambo ambalo sikumwambia mtu: kwamba labda nilimwibia mtoto nyumba kubwa na watoto wanne wa kucheza nao. Kumbe alinitaka mimi. Alinitaka na alikuwa amelikariri.

Na hapo, ndugu zangu, machozi hayajakauka, ikanijia furaha ya ajabu. Kama alinichagua akiwa na miaka saba, badala ya nyumba ya shangazi, hiyo studio ni nini? Kazi imekwisha. Nilikuwa nimezunguka siku tatu nikikusanya watu mia moja na saba, na jibu lilikuwa mezani kwetu muda wote, nyuma ya kitufe. Mtu mwingine labda angejifunza jambo jingine kutokana na hadithi ile. Mimi nilijifunza kwamba nimeshinda.

Nikanawa uso, nikaenda kwa Bwana Fursa, nikamwambia kwamba leo jukwaani ataongea mdogo wangu peke yake. Nilitaka kumpa zawadi. Mwenye ushindi mfukoni anaweza kuwa mkarimu. Bwana Fursa akasema hiyo ni fursa nzuri sana kwa kizazi kipya. Mdogo wangu nilipomwambia, aliweka nyaya chini.

"Wewe utakaa wapi?"

"Mbele kabisa. Nitakuwa nakutazama."

"Na utafanya nini?"

"Nitakaa tu, mdogo wangu. Si nina miguu imechoka."

Saa tisa na robo akapanda. Alikuwa na karatasi ila hakuisoma. Aliongea polepole, na ukumbi ambao kwa siku tatu ulikuwa unaangalia simu ukaanza kunyanyua vichwa, mmoja mmoja. Alieleza kitufe cha Kaa kimya. Alisema katika hadithi nyingi za kuchagua, msomaji anapewa maneno mengi ya kusema na hapewi nafasi ya kungoja, na yeye alitaka kujua watu wangesema nini kama wangengojwa. Sikuwahi kumsikia akiongea dakika nne mfululizo. Nilikuwa na fahari mpaka vifungo vya blauzi vikanibana.

Kisha Bwana Fursa akachukua kipaza sauti. "Swali moja la mwisho. Ninyi wawili, dada na mdogo wake, hadithi nzuri jamani. Mtaendelea pamoja? Tuambie, kuna fursa gani mbele?"

Mdogo wangu akanigeukia. Alinitazama kama alivyonitazama tangu sebuleni kwa wajomba, kila alipoulizwa kitu na daktari, na mwalimu, na mwenye nyumba: anageuza shingo, anangoja nimjibie. Na jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nililijua pia lake, nilikuwa nimelisoma kwa macho yangu saa mbili kabla, maneno manne. Nikasema moyoni, acha leo alitoe mwenyewe, mbele za watu, tena kwenye kipaza sauti. Nikakunja mikono, nikatabasamu, nikanyamaza.

Akangoja. Nikaendelea kutabasamu. Bwana Fursa akahamisha uzito mguu huu na huu. Nafikiri zilipita sekunde kumi, na kwa mtu wa redio sekunde kumi za kimya ni ajali kazini, mtu anafukuzwa.

"Hapana," mdogo wangu akasema. "Nimepata kazi ng'ambo. Ninaikubali. Nitaondoka mwezi ujao, na Ngazi itabaki kwa dada yangu."

Ukumbi ulipiga makofi. Kwenye kongamano kitu chochote kikisemwa kwenye kipaza sauti na kikaisha hupigiwa makofi. Wengine walisimama. Bwana Fursa akasema mnaona sasa, hiyo ndiyo fursa yenyewe. Mikono yangu nayo ilikuwa inapiga makofi, sijui ni nani aliyeituma.

Tulikutana tena kwenye meza yetu. Alikuwa amezuiwa njiani na watu wengi wakipiga picha kitambulisho chake, mama mchapishaji wa sauti ya taratibu akiwa wa kwanza kwenye foleni, na alipofika alianza kukunja nyaya. Mimi nilikuwa nimekaa. Maneno yalikuwepo, msidhani yaliniishia. Yalikuwa yanasukumana, lipi litoke kwanza.

"Ulikuwa umeshawajibu?" nikamuuliza.

"Bado. Ndiyo nakwenda kuwajibu sasa." Akaacha nyaya. "Nilikuwa sijaamua, Dada. Tangu Jumatatu nilikuwa nangoja uamue wewe. Hata nilipokutazama pale juu nilikuwa nangoja. Nilijua utasema tunaendelea, na ungesema tungeendelea, nami nisingekasirika. Halafu hukusema. Ikabidi nijisikilize mwenyewe, na ndiyo nikasikia kwamba nataka kwenda."

Nilimwambia, "Kumbe."

Akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti yote mawili. Alikuwa anatabasamu na analia. "Najua ilikuwa kazi kwako kunyamaza vile. Nilikuona. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kubwa kama lile, Dada. Sitalisahau."

Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi: kwamba nilinyamaza kwa sababu nilidhani nimeshashinda, kwamba ningelijua jibu lake ningelirukia jukwaa nikamnyang'anya kipaza sauti. Sentensi moja tu. Angeisikia, angenijua vizuri zaidi, na nadhani asingeondoka na furaha ile.

Sikumwambia. Nilimfuta uso kwa kiganja, nikamwambia aende akawaandikie, saa kumi na moja inakaribia na intaneti ya pale ndani ilikuwa inasuasua, na kwamba nyaya nitamalizia mimi.